Nyasi za vetiva: ukuta usio na tofali

(Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wahitimu wa kisomo katika kijiji kimoja cha milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Tumeyaandika kama yalivyosemwa ili na wengine wasome.)

Sisi tuliotumwa kuzungumza nanyi ni wakulima kama ninyi, na kusoma tulijifunza ukubwani kama ninyi. Hatukuja na gari wala mbolea ya kugawa. Tumekuja na shina moja la nyasi. Hili hapa. Lipitisheni kwa mikono, kila mtu alishike na anuse mizizi yake.

Mmeisikia harufu? Kama udi kidogo. Nyasi hii inaitwa vetiva. Asili yake ni India, na jina lenyewe limetoka katika lugha ya Kitamil ya huko India ya kusini, likiwa na maana ya mzizi unaochimbwa. Hapa kwetu wengi hawaijui. Wanaijua matete, wanaijua gwatemala, hii wakiiona wanadhani ni magugu. Leo tutaeleza inafanya kazi gani, inapandwa vipi, na wapi haifai.

UDONGO WETU UNAKWENDA WAPI?

Kabla ya kusema habari za nyasi, hebu tufanye hesabu. Hesabu tulifundishwa darasani, basi tuitumie.

Chukua shamba la ekari moja. Mvua kubwa ikinyesha, maji yakachukua udongo wa unene wa milimita 1 tu, yaani unene wa ukucha wako, je, ni udongo kiasi gani? Ekari moja ni mita za eneo zipatazo 4,000. Zidisha kwa milimita 1, utapata mita za ujazo 4, yaani lita 4,000. Debe moja ni lita 20. Gawanya. Utapata madebe 200.

Madebe 200 kwa ekari moja! Mtu akija usiku na debe lake kukuchotea udongo shambani mara 200, ungepiga yowe kijiji kizima kikaamka. Lakini maji yanakuja mchana, unayatazama yamekuwa mekundu kama chai, wewe unasema, "Leo Mungu ametupa mvua nzuri." Mvua ni nzuri kweli. Ubaya ni kwamba tumeiachia njia.

Na udongo unaoondoka si udongo wowote. Ni ule wa juu, mweusi, wenye samadi na majani yaliyooza. Ndio chakula cha mahindi. Ukishakwisha unabaki ule mwekundu wa chini, ambao hata ukipanda mbegu bora utavuna magunzi. Asili huchukua mamia ya miaka kutengeneza udongo wa juu wenye unene wa kidole. Watoto wetu hawawezi kungoja miaka hiyo.

Udongo huo hauishii kwenye mpaka wa shamba. Unashuka mitoni. Mito ya Uluguru huingia katika mto Ruvu, na watu wa Dar es Salaam hunywa maji ya Ruvu. Mto Ngerengere nao hupeleka maji katika bwawa la Mindu, linalonywesha mji wa Morogoro. Matope yakijaa bwawani, maji yanapungua. Kwa hiyo jembe la huku juu linagusa kikombe cha mtu wa mjini. Lakini wa kwanza kuumia ni sisi wenyewe, maana njaa haianzii mjini, inaanzia kwenye shamba lililochujuka.

HABARI ZA MATUTA YA ZAMANI

Tunajua baadhi ya wazee hapa wakisikia neno "kuzuia mmomonyoko" mioyo yao inashtuka. Wana haki. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianza mpango wake hapa Uluguru. Watu waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi milimani, asiyechimba akapigwa faini. Kazi ilikuwa ngumu, na mahali pengi udongo wa juu ni mwembamba. Ukikata mlima kutengeneza ngazi, unaufukia udongo mweusi na kuutoa nje ule mwekundu. Mazao yakakataa. Mwaka 1955 watu walichoka, ghasia zikatokea, mtu akapoteza maisha, na mpango ukaachwa mwaka huohuo.

Tunalikumbusha jambo hili kwa sababu lina fundisho. Udongo ulikuwa unamomonyoka kweli, hilo halikuwa uongo. Ila dawa ililetwa kwa amri, na haikulingana na mlima wenyewe. Basi sisi leo hatumwamrishi mtu. Tunaeleza, na kila mmoja apime kwa akili yake.

Na wala tusidhani kwamba udongo unangoja tukikasirika. Kule Kondoa, mkoani Dodoma, makorongo yalikuwa makubwa mno hata serikali ikaanzisha mpango wa hifadhi ya ardhi, HADO, mwaka 1973. Mwaka 1979 ikabidi mifugo yote iondolewe katika eneo lililoharibika zaidi. Fikiria mfugaji anaambiwa ng'ombe wake waondoke. Ndiyo maana wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kondoa ufa ulikuwa umeshakuwa bonde.

NYASI HII INAFANYAJE KAZI?

Vetiva ni nyasi ya kudumu. Majani yake ni magumu, yamesimama wima, na yakiachwa hufika kimo cha mtu au zaidi kidogo. Lakini ajabu yake iko chini. Mizizi yake haitambai kama ya sangari. Inakwenda chini moja kwa moja, mingi na imara kama kamba, na katika udongo mzuri hufika mita 3 hata 4. Kwa hiyo hainyang'anyani sana chakula na mahindi yaliyo pembeni, na kiangazi cha kawaida hakiiui.

Ukipanda mashina yake karibu karibu katika mstari mmoja unaokata mteremko, baada ya misimu miwili au mitatu yanashikana na kuwa ua. Maji yanaposhuka na udongo wake yanagonga ua huo. Hayasimamishwi kabisa kama kwenye ukuta wa saruji, maana yangejaa na kuuvunja. Yanapunguzwa mwendo, yanatandazwa mstari mzima, yanapenya polepole kati ya mashina. Maji yakipunguza mwendo, mzigo yanautua. Udongo unabaki nyuma ya ua, na sehemu ya maji inazama ardhini.

Mwaka hata mwaka udongo unajikusanya nyuma ya ua, na shamba linaanza kujitengenezea ngazi lenyewe. Hapa ndipo tofauti na matuta ya 1955. Ngazi hii haichimbwi, kwa hiyo udongo mwekundu hautolewi nje. Ni udongo mweusi wenyewe unaojipanga. Nayo nyasi ikifukiwa kidogo na udongo hupanda juu pamoja nao, ikitoa mizizi mipya.

Haya si maneno ya jana. Katika nchi ya India, sehemu za Gundalpet karibu na Mysore, wakulima wamekuwa wakiotesha nyasi hii kwenye mipaka ya mashamba yao tangu zamani sana. Huko Fiji, miaka ya 1950, ilipandwa katika mashamba ya miwa yenye miteremko, na nyuma ya ua ngazi zikajiunda. Tangu miaka ya 1980 habari zake zilienezwa katika nchi nyingi, za Afrika zikiwemo.

JE, HAITAGEUKA GUGU?

Swali hili tunaulizwa kila mahali, na ni swali la mtu mwenye akili. Tumeshaletewa mimea mingi ya kigeni, mingine ikatutawala.

Jibu ni hili. Vetiva ile ya India ya kusini, inayopandwa mashambani, hutoa maua lakini mbegu zake hazioti. Tena haitambai, si kwa juu wala kwa chini ya ardhi. Ukiipanda hapa, itabaki hapa mpaka mtu aichimbe. Ukitaka kuiondoa, kata shina chini kidogo ya usawa wa ardhi, pale machipukizi yanapotokea. Imekwisha.

Lakini angalieni. Kuna aina nyingine ya kaskazini mwa India ambayo mbegu zake huota, na Afrika tuna ndugu yake wa porini anayezaa mbegu vilevile. Kwa hiyo usiokote tu nyasi njiani kwa kuwa inafanana. Chukua mashina mahali ambapo nyasi imekaa miaka kadhaa, kisha zunguka uangalie kama kuna miche iliyoota yenyewe pembeni. Ukiona miche, acha. Usipoona, chukua. Mwulize pia bwana shamba au bibi shamba wa kata yako.

KUANZA NA KITALU

Haipandwi kwa mbegu, bali kwa kugawa mashina. Usianze na shamba zima. Anza na kitalu.

Tafuta mashina 40 tu. Yapande mahali penye jua na karibu na maji, kila shina mbali na mwenziwe sentimita 30. Mistari mitano ya mashina manane manane inakutosha. Eneo lake halizidi sana mkeka mkubwa wa kulalia watu wawili. Kivuli haiipendi kabisa, kwa hiyo usiipande chini ya migomba wala miembe. Weka samadi, palilia, mwagilia ikiwa mvua haitoshi. Ikifika magotini ikate majani, maana kukata kunaifanya itoe machipukizi mengi.

Mtu akipanda mvua za vuli, masika ya mwaka unaofuata anakuwa na mashina manene. Tuseme kila shina linagawanyika mapando 10, na likitunzwa vizuri huzidi hapo. Mashina 40 mara 10 ni mapando 400. Yatafika wapi? Tutaona sasa hivi.

KUPIMA MSTARI

Hapa ndipo kazi inapoharibika kwa watu wengi, basi sikilizeni vizuri. Mstari lazima ufuate usawa wa mlima, yaani uwe kama ukingo wa maji katika bwawa. Ukishuka upande mmoja hata kidogo, maji yatatiririka kandokando ya ua yakakusanyika mahali pamoja, na hapo litazaliwa korongo.

Jicho peke yake hudanganya. Tengeneza kipimo cha herufi A. Herufi A wote tunaijua, ndiyo ya kwanza tuliyofundishwa.

Chukua miti miwili iliyonyooka ya urefu wa mita 2. Ifunge pamoja juu, uitanue miguu chini. Funga mti wa tatu katikati, ukilala kama mstari wa herufi A. Juu kwenye kifundo ning'iniza kamba yenye jiwe, ishuke mpaka ipite mti wa katikati.

Sasa tafuta alama ya usawa. Simamisha kipimo, weka vigingi miguu ilipo, tia alama pale kamba inapogusa mti wa katikati. Kisha kigeuze, mguu wa kulia ukae alipokuwa wa kushoto, na wa kushoto alipokuwa wa kulia. Tia alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Chora hapo alama kubwa.

Ukienda shambani, mguu mmoja ukae kwenye kigingi, mwingine uuhamishe juu au chini mpaka kamba itulie kwenye alama kubwa. Piga kigingi. Endelea hivyo mpaka mwisho wa shamba. Siku yenye upepo msifanye kazi hii, kamba itawachezea.

MSTARI HADI MSTARI NI UMBALI GANI?

Kadiri mlima unavyosimama ndivyo mistari inavyokaribiana. Iko njia rahisi isiyohitaji kitabu. Simama penye mstari wa chini, tazama mbele kuelekea mlimani, macho yasiinuke wala kuinama. Pale jicho linapogonga ardhi, hapo ndipo mstari wa juu. Kimo cha jicho la mtu mzima ni kama mita moja na nusu, na hicho ndicho kimo kinachofaa baina ya mstari na mstari. Ukitaka uhakika, shika chupa nyeupe yenye maji nusu, uilaze. Maji yakitulia yanakuonyesha usawa.

Kwa shamba linaloshuka mita 1 katika kila mita 10, mistari itakuwa mbali mita 15. Likishuka mita 3 katika kila mita 10, ni mita 5. Likishuka mita 5 katika mita 10, ni mita 3 tu. Na mahali palipozidi hapo, ndugu zetu, tuseme ukweli, si pa mahindi. Pawe pa miti.

KUPANDA

Panda mvua za masika zikishakolea, udongo ukiwa umelowa ndani. Tunajua wakati huo kila nyumba iko kwenye mahindi. Basi panda mahindi kwanza, halafu ua mara tu baadaye, usingoje palizi.

1. Chimbua shina zima, litikise udongo.
2. Lipasue kwa mkono au panga, kila pando liwe na machipukizi mawili au matatu yenye mizizi.
3. Kata majani yabaki sentimita 20, na mizizi ibaki kama urefu wa kidole. Hivyo halitakauka upesi.
4. Funika kwa gunia bichi. Lisikae juani, na lipandwe siku hiyohiyo ikiwezekana.
5. Lima mfereji mdogo kufuata vigingi, tia samadi kidogo.
6. Panda mstari mmoja, pando na pando sentimita 15. Kandamiza udongo kwa mguu.

Sasa ile hesabu yetu. Sentimita 15 kwa mstari wa mita 60 ni mapando 400. Ndiyo yale ya kitalu chako! Mashina 40 yamekupa ua mmoja kamili wa kukata shamba. Kata sehemu ya mashina yake mwaka unaofuata, ufanye ua wa pili. Anza na mstari wa juu kabisa, pale maji yanapoanzia, kisha ushuke.

Mtu asidanganyike kwamba atapanda mbali mbali ili mapando yatoshe. Ua wenye pengo ni mbaya kuliko kutokuwa na ua, maana maji yote yatakimbilia kwenye pengo hilo yakiwa na nguvu. Baada ya mwezi mmoja pita mstari mzima, palipokufa pandikiza. Mwaka wa pili rudia. Hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote katika ukulima wa vetiva: kuziba mapengo.

Mwaka wa kwanza palilia kandokando, na mbuzi wasifike. Majani machanga wanayapenda.

KUTUNZA NA KUTUMIA

Ua ukishashikana, ukate mara mbili au tatu kwa mwaka, ubaki kimo kati ya sentimita 30 na 50. Kukata kunaufanya uwe mnene, na mchwa hawapati majani makavu ya kukaa. Moto ukipita, juu huungua lakini shina huchipua tena.

Majani uliyokata ni mali. Machanga yanaliwa na ng'ombe na mbuzi. Yaliyokomaa ni magumu, hayo tandaza shambani kuzuia jua na magugu, au ezekea banda. Watafiti wa Afrika Kusini wameona pia kwamba kipepeo wa funza wa mabua hupenda kutaga mayai kwenye vetiva, lakini funza wake wakianguliwa humo hawaishi. Ni faida ya pembeni kwa mwenye mahindi.

Na ile mizizi yenye harufu? Kuna nchi zinazokamua mafuta yake kwa ajili ya manukato. Haiti ni mojawapo, na Indonesia pia. Akina mama wanaweza kuweka mizizi michache kwenye sanduku la nguo, harufu ni nzuri. Lakini tunawasihi, akija mtu hapa na fedha akitaka kununua mizizi, asichimbe ua wa shambani. Kule Haiti kuchimba mizizi kwenye miteremko kumekuwa chanzo cha mmomonyoko. Anayetaka mizizi alime kitalu chake tambarare. Kuchimba ua ni sawa na kuuza mlango wa nyumba huku mwizi yuko nje.

ISIYOWEZA KUYAFANYA

Tusiisifu mpaka tukawapoteza. Vetiva haiongezi mbolea. Kama shamba limechoka, samadi, kunde na matandazo bado vinahitajika. Haizuii mlima mkubwa kuporomoka kutoka chini kabisa, hiyo ni kazi ya kutolima mahali pasipolimika. Na kwa mwenye ng'ombe wa zizini, chakula kizuri ni matete au gwatemala. Hayo nayo yanazuia udongo, ila yanapanuka na kula nafasi ya mahindi. Wengine wamechanganya: vetiva ndani ya shamba, matete pembeni. Kila mmoja aangalie haja ya nyumba yake.

JAMBO LA MWISHO, NA NI ZITO

Ndugu zetu, maji hayajui mpaka. Mmoja akipanda ua katikati ya mlima na jirani yake wa juu akalima kwa kushuka, maji ya jirani yatamjia kwa nguvu na kumwangusha. Tena watagombana. "Umenielekezea maji!" "Wewe ndiye uliyenielekezea!" Mashauri ya namna hiyo yanafika barazani kila mwaka.

Liko na lingine. Hapa Uluguru ardhi nyingi ni ya ukoo, nayo hufuata upande wa mama. Wengi wetu tunalima mahali ambapo si petu moja kwa moja, pengine pa mke, pengine pa mjomba, pengine tumeazimwa. Mtu akipanda kitu cha kudumu, wenye ukoo husema, "Huyu anataka kujimilikisha." Na kwa kuwa vetiva hukaa miaka mingi mahali pamoja, na kwingine hutumika kama alama ya mpaka, wasiwasi huo si wa kijinga. Ndiyo maana mwazimwaji huogopa kupanda, na mwenye ardhi hana nguvu za kupanda. Udongo unaondoka huku watu wawili wakitazamana.

Dawa yake ni maneno kabla ya jembe. Mwendeeni mkubwa wa ukoo, mwelezeni, mleteni shambani ashike kipimo cha A kwa mkono wake. Semeni wazi mbele ya mashahidi kwamba ua huu ni wa kulinda udongo, si wa kudai ardhi. Na sasa tunajua kuandika. Andikeni kwenye karatasi: jina la mwenye ardhi, jina la anayelima, mistari mingapi, imepandwa tarehe gani. Kila mmoja atie sahihi, tena sahihi ya kalamu, si ya dole gumba. Nakala moja ikae kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kisomo kina faida gani kama hakiwezi kuzuia ugomvi wa ndugu?

Pendekezo letu kwenu ni hili. Chagueni mteremko mmoja wenye mashamba ya majirani watano au sita, kuanzia juu mpaka chini. Fanyeni kitalu kimoja cha pamoja msimu huu wa vuli. Masika, pandeni kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, mkianzia shamba la juu. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, simameni chini ya mlima mtazame rangi ya maji. Yakianza kushuka meupe zaidi kuliko ya mlima wa pili, mtakuwa mmepata jibu lenu bila ya kuamrishwa na mtu.

Mashina 40 tumeyaacha kwa Mwenyekiti, yamefungwa katika gunia bichi. Yasilale hapo zaidi ya leo.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Shamba lako lina mteremko wa namna gani? Mistari yake itakuwa mbali mita ngapi?
2. Mstari wa mita 90 unahitaji mapando mangapi, kama pando na pando ni sentimita 15?
3. Kwa nini ua wenye pengo ni wa hatari?
4. Katika kijiji chenu, ni nani lazima aulizwe kabla ya kupanda kitu cha kudumu? Mtazungumza naye vipi?